Chafya ya Saa Nne

Lanet,
Jumatatu, 4 Mei

Mama,

Nakusalimu nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa nitalala. Mtoto yuko kwa mkono mmoja na naandika na ule mwingine, kwa hivyo usicheke mwandiko. Ningekupigia simu lakini mwanao Kipngeno ameniambia yako iliingia kwa ndoo ya maziwa, na maduka ya Molo yamefungwa. Basi tuandikiane. Mwanao atabeba, si analeta maziwa kila siku kutoka huko Keringet?

Najua habari ya haya mafua mapya imefika. Waziri alisoma kwa redio saa kumi jioni, pole pole, kama mwalimu anaita rejista. Makanisa yafungwe, masoko yafungwe, watu wasikutane zaidi ya watano. Madereva wa maziwa wapite vizuizi lakini wasiingie kwao, walale kwa kampuni. Na nyumba iliyo na mtoto chini ya miezi mitatu isipokee mgeni hata mmoja. Hiyo ya mwisho alirudia mara mbili, nikaona ni kama ananiangalia mimi.

Kwa hivyo Mama, ile safari ya Jumamosi, wewe na wale kogo wawili, nyanya wenzako, kuja kumpa Cherop jina la ukoo, haitakuwa. Nasema mapema ndio msichinje kuku bure. Si kwamba sitaki. Nilikuwa nimeazima viti. Lakini mtoto ana wiki tatu, na mlango huu naufunga mimi, si Waziri, ndio ukikasirika ujue wa kukasirikia.

Kipngeno anapita hapa na lori, anapiga honi mara mbili, mimi nambeba mtoto juu dirishani kama kombe la mpira. Anapunga mkono. Jana alipunga mpaka lori la nyuma likamtukana.

Cherop ana mashavu sasa. Analia sana, mchana kutwa, mpaka nimesahau kimya kinafanana aje. Lakini mashavu anayo.

Ni mimi,
Wariara


Keringet,
6 Mei

Mama Cherop,

Barua yako nimesoma mara mbili, ya kwanza na hasira, ya pili na miwani. Ya pili ilikuwa nzuri kidogo.

Sasa nisikize, wewe mtoto ya watu. Kwenu Subukia mtoto anapewa jina akiwa bado tumboni. Msichana wa kwanza ni mama ya baba, wa pili ni mama ya mama, ni kama foleni. Kwenu huyu angeitwa mimi. Asante, lakini mimi sijakufa. Sisi hilo la Cherop tumempa kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha akizaliwa, sawa. Lile lingine hatumpi, anachagua mwenyewe. Wamama wazee wanakaa na yeye, wanaita majina ya watu ya ukoo waliotangulia, moja moja. Ile ikiitwa mtoto apige chafya, basi, huyo ndiye amerudi. Tunacheka, tunapiga vigelegele, kazi imeisha. Zamani walikuwa wanasaidia na ugoro kidogo kwa pua.

Na mtoto ambaye hajapata hilo jina analia. Kila mtu huku anajua. Halafu unaniandikia analia mchana kutwa, na unataka nikae hapa nikikunja mikono?

Nimefikiria. Serikali imefunga barabara, haijafunga mdomo. Kila siku saa nne asubuhi, lori ya maziwa ikishaenda, sisi watatu tutasimama kwa ua yangu, mita mbili mbili vile chifu alipima na kamba. Tutaita majina tukiangalia upande wa Nakuru. Wewe saa nne mkalishe, umwangalie pua. Ukiona chafya andika, uniambie saa.

Mimi sijakasirika. Hiyo kuku tulichinja.

Kogo Sally


Lanet,
Ijumaa, 8 Mei

Mama,

Kwanza, ugoro hauingii hii nyumba. Hata harufu yake. Hilo tumemaliza.

Pili, sawa. Jana na leo saa nne nilimkalisha kwa goti nikamwangalia pua mpaka nikaona pua mbili. Alilia, akajamba, akanyonya. Chafya hapana. Lakini nitaendelea, sababu umesema.

Sasa kuna shida ndogo. Kuna dada anaitwa Mugure, ndiye mhudumu wa afya wa mtaa wetu, anazunguka nyumba kwa nyumba na thamomita na kitabu. Ana sauti kubwa na roho safi. Leo amebandika karatasi ya Wizara kwa mlango wangu. Imechorwa mtoto akipiga chafya, na chini wameandika: mtoto mdogo akipiga chafya mara tatu, usingoje, piga namba ya bure. Nikamuuliza Mugure, "Na akipiga mbili?" Akasema, "Mama Cherop, usinitafutie makosa. Mbili ngoja ya tatu."

Ona basi. Wewe unaomba apige chafya, Serikali inaomba asipige. Mimi niko katikati na nepi begani.

Sikatai karatasi yao. Wengine hapa kwa ploti, wapangaji wenzangu, wanacheka, ati Serikali inaogopa kivuli. Mimi nasema heri iogope mapema. Nilimaliza darasa la nane na kozi ya kushona, sijui mambo ya virusi, lakini najua maziwa yakianza kupanda kwa sufuria hungoji yamwagike ndio uzime jiko.

Barua yako niliipiga pasi kabla ya kusoma, pande zote. Usishangae ikirudi kwako imenyooka.

Wariara


Lanet,
Jumanne, 12 Mei

Kipngeno,

Hii ni yako peke yako. Usiichanganye na za Mama.

Jana saa nne na dakika kumi Cherop alipiga chafya. Si moja. Nne, zikifuatana, mpaka kichwa kikaruka.

Nakuambia ukweli, nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria kwa muda wa kuchemsha maji ya chai. Kisha nikaangalia ile karatasi mlangoni nikapiga simu. Hawakukawia. Watu watatu, wamevaa nyeupe mpaka viatu, wakamwingiza kijiti cha pamba puani. Aliwapigia kelele mpaka mmoja akarudi nyuma, nikaona fahari kidogo, Mungu anisamehe. Majibu ni Ijumaa jioni. Mpaka hapo ploti nzima, milango kumi na miwili, imezungushwa utepe na hakuna wa kutoka.

Mburu wa mlango wa tatu, yule kinyozi, aliniita kutoka kwa dirisha lake: "Mama Cherop! Kwani hungemziba pua tu? Mimi niko na kichwa cha mtu nimenyoa nusu!"

Nikamwambia, "Njoo basi uzibwe wewe tuone utakaa dakika ngapi."

Alinuna. Lakini leo asubuhi nilipata sukuma wiki imefungwa vizuri kwa ngazi yangu, na najua ni mlango wa tatu peke yake ulio na sukuma. Wizara pia walileta unga, sabuni na maziwa. Maziwa, Kipngeno. Labda ni wewe uliyabeba.

Hana joto. Ananyonya. Mugure anampima asubuhi na jioni akisimama mlangoni, ananionyesha namba. Lakini nina hofu. Leo nimejikuta nikifua nepi zilizo safi.

Mama yako asijue. Akijua atashuka huku na miguu, kizuizi kiwe kisiwe, na kile kifua chake cha baridi. Nitamwambia mwenyewe majibu yakitoka. Si kudanganya, ni kuchelewa.

Wako,
Wariara


Nje ya utepe,
Jumanne

Wariara,

Nimesoma barua kwa usukani. Nimeegesha hapa nje, naona dirisha. Askari wa utepe ameniambia, "Boss, songa." Nikamwambia huyo mtoto ndani ni wangu. Akafikiria, akasema, "Basi songa pole pole." Ndio hii nasonga.

Ulifanya vizuri kupiga simu. Ningekuwa mimi ningechemsha maji mara tatu.

Kuhusu Mama, sijawahi kumdanganya akakosa kujua. Ananiangalia tu masikio. Kesho nitaenda na maski, kofia na shali, nitasema ni sheria mpya.

Mshike kwa niaba yangu. Kwa mashavu.

Kipngeno


Lanet,
13 Mei

Mama,

Jumatatu hapana. Jana hapana. Sisi ni wazima. Mvua inanyesha.

Wariara


Keringet,
14 Mei

Mama Cherop,

Barua yako ilikuwa fupi kama kikohozi. Na kijana yangu alikuja amefunikwa kichwa kama nyuki inamfukuza, akasema ni sheria. Mimi ni mzee, si mjinga, lakini nimeacha.

Nakuandikia kwa sababu nimechoka. Tumeita majina ishirini na moja. Tumeita Tapkigen, ambaye alikuwa mkarimu. Tumeita Taplelei, ambaye alikuwa mrembo. Tumeita ya upande wa mama yangu, ambayo hata si kawaida. Jana mmoja ya hawa wamama akasema, "Sally, labda watu wetu hawataki kurudi kwa nyumba ya Mkikuyu." Nilimwambia atoke kwa ua yangu na asirudi mpaka mafua iishe na hiyo maneno iishe. Alitoka. Mita mbili yake mpaka sasa iko wazi.

Lakini niliingia ndani nikakaa. Mtoto yangu, nakuuliza na uniambie ukweli. Kama unaona haya mambo ni ya kizamani na hutaki, sema tu. Kama saa nne humkalishi, sema. Nitanyamaza na nitampenda hivyo hivyo, na wewe pia nitakupenda. Ni kuita bila mtu kujibu ndio imenimaliza.

Kogo Sally


Lanet,
Jumamosi, 16 Mei

Mama yangu,

Kaa chini. Vaa miwani. Ukimaliza kunikasirikia usome mpaka mwisho.

Cherop alipiga chafya. Jumatatu, tarehe kumi na moja, saa nne na dakika kumi. Nne, Mama! Nilikuwa nimemweka kwa goti kama ulivyosema. Na mimi nikakuandikia hapana.

Niliogopa. Karatasi ilisema mara tatu, na yeye amepiga nne. Nilipiga simu, wakaja wakampima, tukafungiwa ploti nzima. Nikasema nikikuambia utakuja, na ukija ni wewe mafua yatashika kwanza. Kwa hivyo nilikuficha. Barua yako nilipoisoma nililia mpaka Cherop akanyamaza kunisikiliza. Yule mama aliyesema hivyo mwambie ni mimi niliyenyamaza, si watu wenu. Watu wenu walijibu saa ile ile.

Na majibu ni haya: HANA. Hana mafua! Jana jioni Mugure alikuja akikimbia na gumboti, akasimama katikati ya uwanja akapiga kelele milango yote kumi na miwili isikie: "Mtoto ni mzima! Ni pua tu!" Askari alikata utepe na meno kwa sababu kisu kilipotea. Mburu alicheza na ule utepe shingoni. Yule mteja wake wa nusu kichwa alikuja mbio akaketi mita mbili, akangoja amaliziwe ile nusu.

Tena saa kumi Waziri akarudi kwa redio. Akasema ile ya chafya walikosea, madaktari wamewasahihisha. Kumbe mtoto mchanga hupiga chafya kila siku, ndivyo anavyosafisha pua. Tuangalie joto na pumzi. Akasema, "Tulikosea na tunabadilisha." Nimeishi miaka ishirini na sita sijawahi kusikia Serikali ikisema hivyo kabla ya wiki mbili kuisha. Mugure amefuta mstari wa chafya kwa karatasi yangu na makapeni, ile kalamu nene, kwa furaha mpaka amechora mlango.

Sijutii kupiga simu. Ningepiga tena. Ninachojutia ni ile hapana.

Sasa niambie haraka, maana sijalala kwa kungoja. Jumatatu saa nne na dakika kumi mlikuwa mnaita nani?

Wariara


Keringet,
18 Mei

Mama Cherop,

Nilikasirika mpaka chini ya ukurasa wa kwanza. Halafu nikafika kwa HANA nikatoka nje nikapiga vigelegele peke yangu, ng'ombe wakaacha kula.

Usinifiche tena. Kijana yangu anasema haikuwa kudanganya, ni kuchelewa. Kama ni kuchelewa, chelewa siku moja, si tano.

Na yule mama amerudi. Nilimsomea barua yako kwa sauti, mara mbili hapo pa "watu wenu". Amesimama kwa mita mbili yake, ameomba msamaha, ameleta mursik, maziwa yetu ya kibuyu, ya kukupelekea. Unywe usinywe, angalau ipokee.

Sasa kuhusu Jumatatu. Tumekaa tumekumbuka, tumebishana, na ukweli ni aibu. Jumatatu saa nne tulianza kuita, chifu akaingia. Jirani alikuwa amemwambia ati kuna wazee wanafanya mkutano kwa ua. Chifu akasema, "Wamama, hii kelele ni ya nini?" Nikasema tunaita mtu. Akasema, "Yuko wapi?" Nikasema, amekufa. Halafu akatoa kitabu akaanza kuandika majina yetu, na kutusomea sheria ya Waziri. Kwa hivyo saa nne na dakika kumi majina iliyokuwa kwa hewa ni yetu watatu ambao tuko hai, ya chifu, na ya Waziri. Na mjukuu yangu hawezi kuwa Waziri.

Basi hiyo chafya ilikuwa ya pua. Lazima tuite upya, na mara hii nataka uite wewe. Nimeuliza wenzangu, wamesema mama ya mtoto akisoma hakuna ubaya, bora asome moja moja na angoje. Majina iko nyuma ya karatasi.

Sasa na mimi nina kitu nilikuficha. Ile ya mwisho kabisa, Tabutany, hatujawahi kuiita. Tumeiruka makusudi. Kwa mtoto yeyote wa hii nyumba tunairuka.

Tabutany alikuwa nyanya ya baba ya Kipngeno. Wakati wa ile homa kubwa ya zamani, baada ya vita ya kwanza ya Wazungu, alisimama kwa lango yake na fimbo akakataza watu kuingia. Mama mkwe wake alitembea kutoka mbali na kibuyu ya maziwa, akakatazwa pia. Aliweka kibuyu chini akarudi akilia, na hiyo kilio imetembea kwa ukoo mpaka leo. Tunasema alikuwa na roho ngumu.

Watoto wake sita wote walibaki hai. Hiyo sehemu huwa hatusemi.

Usiku wa kuamkia leo sikufikiria kitu ingine. Nimemwandika. Soma kama utapenda.

Kogo Sally


Lanet,
Jumatano, 20 Mei

Mama,

Nakuambia ilivyokuwa, bila kuongeza hata chumvi.

Nilitoka nje na Cherop saa nne, nikaketi kwa ngazi. Mugure alikuja kama mtu wa Serikali, ati kushuhudia, lakini alikuwa amevaa kitambaa kipya. Milango yote ilifunguka, kila mtu akakaa kwa mlango wake. Kipngeno alikuwa amesimama kwa geti. Nikaanza kusoma.

Majina yenu, Mama, ulimi wangu haujayazoea. Kila nikitaja moja mwanao anapiga kelele kutoka getini: "Si hivyo, Wariara! Vuta mwisho!" Ninavuta. "Si sana!" Mburu akamwambia, "Wacha mtoto aamue, wewe ni dereva."

Nilisoma ishirini na moja. Kila jina nilingoja nikihesabu mpaka kumi. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe huyu mtoto hakulia. Aliniangalia tu, macho makubwa, kama mtu anangoja upige kelele zako umalize. Tapkigen hapana. Taplelei hapana, na nilikuwa nimelipenda. Watu wakaanza kukohoa na kuangalia sufuria zao.

Likabaki lile. Sikulisoma kwa sauti ndogo. Nilisimama, nikamwinua karibu na uso wangu, nikasema, "Tabutany."

Akakunja uso. Akafungua mdomo, akaufunga. Halafu akapiga chafya, Mama, kubwa, ikanilowesha miwani ambayo sina! Mbili!

Kisha Mburu akasema polepole, "Piga simu." Ploti nzima ikavunjika kwa kicheko. Watu waliokuwa wanaingia ndani wakisikia mtoto wangu akipumua, leo wanashikana mbavu kwa sababu amepiga chafya. Mugure alipiga vigelegele mpaka askari wa barabarani akaja kuuliza kama kuna mtu amepona. Na Kipngeno ameshika geti na mikono miwili, analia na kofia kichwani, anasema, "Huyo! Huyo hapo umemtaja vizuri!"

Waambie wenzako. Mwambie yule wa mita mbili kwanza.

Nisikufiche: saa moja baadaye alianza kulia tena, vile vile. Labda jina lilikuwa sawa na tumbo ndilo lina maneno yake. Lakini sasa naweza kumwambia, "Tabutany, nyamaza," na anageuza kichwa, nakuapia.

Mugure amesema kuanzia Ijumaa nyumba yenye mtoto inaruhusiwa mgeni mmoja, akipimwa joto kwa kizuizi cha Njoro na hapa mlangoni. Mmoja, Mama. Si watatu. Wengine watakuja zamu yao, nitawapikia, lakini Jumamosi hii ni wewe. Kipngeno amepewa ruhusa akubebe mbele kwa lori, dirisha wazi, uvae sweta mbili. Yeye ataingia Jumapili akishapimwa, amesema atangoja.

Ukifika nawa mikono mpaka kiwiko. Nitakupa mjukuu wako, nitakuonyesha nepi zilipo na uji ulipo. Halafu naenda kulala. Tafadhali usiniamshe, hata apige chafya kumi.

Ni mimi,
Mama Tabutany